Somo: Kwa nini kifua kikuu kinatibiwa kwa dawa nne, na namna ya kuzimaliza

Wengi hufika kliniki wakiwa wameshameza antibiotiki za kawaida, amoksilini, baadaye azithro, kila moja kwa zamu yake, na kikohozi kipo palepale. Kwa hiyo naanza na sababu, maana asiyeijua ndiye anayeacha dawa mwezi wa tatu akijiona amepona.

Waingereza walipoijaribu streptomaisini peke yake kama dawa ya kifua kikuu (TB), matokeo yakatoka mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu upesi. Kisha wengi wao wakarudi nyuma, kwa sababu bakteria walikuwa wamegeuka sugu. Hesabu yake ni hii. Katika bakteria milioni moja hivi wa TB, mmoja huzaliwa haguswi na isoniazidi, moja ya zile dawa nne. Kwa rifampisini, nyingine kati ya hizo nne, ni mmoja katika milioni mia moja hivi. Pafu lenye shimo linaweza kubeba bakteria milioni mia moja. Mpe mgonjwa huyo isoniazidi peke yake, utaua karibu wote, utabakiza mia moja hivi, na hao ndio watakaozaana. Lakini wa kuziponyoka dawa zote mbili kwa pamoja ni adimu kiasi kwamba kifua cha binadamu hakina bakteria wa kutosha kumtoa.

Tena kila dawa ina windo lake. Isoniazidi huua wanaozaana kwa kasi. Rifampisini huwafuata waliolala. Pirazinamidi hufanya kazi penye asidi, mahali ambapo nyingine hulegea. Ethambutoli ni mlinzi tu, endapo bakteria walikuja na usugu wa isoniazidi tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Makohozi yapimwe kwanza. Kipimo cha GeneXpert kinaonyesha TB na usugu wa rifampisini kwa saa chache. Ukikutwa na usugu, dawa hizi nne si zako, utapangiwa nyingine.

Hatua ya 2: Upimwe uzito. Dawa zote nne zimo ndani ya kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hufuata kilo. Mtu mzima wa kilo 60 humeza vinne kwa mkupuo. Ukinenepa (na utanenepa, hamu ya kula ikirudi) idadi inaweza kubadilika, hivyo usikwepe mizani.

Hatua ya 3: Meza vyote pamoja, mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kikizidi, kula kidogo kwanza. Afadhali hivyo kuliko kuruka dozi. Tafuta mtu wa nyumbani akuone ukimeza. Si kwamba huaminiki. Miezi sita ni mirefu.

Hatua ya 4: Baada ya miezi miwili makohozi hupimwa tena, kisha unabaki na rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Hapa ndipo watu hupotea. Kikohozi kimekwisha, kazi inaita, lakini waliolala bado wapo. Muda huu haukuokotwa hewani: majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia miaka ya 1970 ndiyo yaliyoonyesha kwamba rifampisini inaweza kuishusha tiba mpaka miezi sita, wakati zamani ilifika mwaka na nusu.

Hatua ya 5: Jua dalili za kukurudisha kliniki siku hiyohiyo: macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, kuona ukungu au rangi kukuchanganya. Ganzi ya miguu nayo iseme, kuna vitamini B6 kwa ajili yake. Pombe weka kando kabisa; ini lina kazi ya kutosha.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo daktari. Mkojo wangu umekuwa wa rangi ya chungwa, nimeogopa.
Jibu: Marahaba. Ni rifampisini hiyo, haina neno. Hata machozi na jasho hubadilika rangi.

Swali: Nilisafiri nikasahau dozi mbili. Nimeze zote leo?
Jibu: Hapana, meza ya leo tu. Kisha waambie kliniki, watazihesabu na kukufidishia mwishoni.

Swali: Dada, mimi nina kijiti cha uzazi wa mpango, na natumia ARV.
Jibu: Sema vyote viwili kabla ya kuanza, mdogo wangu. Rifampisini hulifanya ini liharakishe kuzichakata dawa nyingine, kwa hiyo kijiti na vidonge vya majira hupungua nguvu. Tumieni kondomu pia, au ulizia kitanzi cha shaba. Na kama ARV yako ni dolutegravir, kwa kawaida huongezwa iwe asubuhi na jioni. Usijiongezee mwenyewe.

Swali: Mjomba ni mfugaji, ameambiwa ana brusela, ule ugonjwa wa kuambukizwa na mifugo, na kupewa doksisaiklini na rifampisini. Kumbe naye ana TB?
Jibu: Si lazima. Brusela nayo hujificha ndani ya chembe za mwili, na dawa moja huacha ugonjwa urudi, ndiyo maana huunganishwa mbili kwa wiki sita. Swali langu ni moja: je, anakohoa, au anatoka jasho usiku na kukonda? Homa ya brusela inafanana sana na ya TB. Kama TB imejificha humo, rifampisini itapambana nayo karibu peke yake kwa wiki zote hizo sita, na tumeshaona inavyoishia. Apeleke makohozi kesho, kabla hajaendelea.