Kumsoma Mhusika wa Kike katika Hadithi Fupi kwa Jicho la Ufeministi

Anayehakiki hadithi fupi kwa mkabala wa ufeministi, yaani mtazamo unaotetea usawa wa wanawake na wanaume, asianze kwa kuuliza kama mwanamke amesawiriwa vizuri au vibaya, kwa kuwa swali hilo huzaa orodha ya sifa tu, orodha ambayo tumeizoea mno katika majibu ya mitihani. Aanze na majina. Katika hadithi ya Kate Chopin wa Marekani iliyotoka mwaka 1894, kuhusu mke anayepewa habari kwamba mumewe amefariki katika ajali ya treni, msimulizi humwita mhusika mkuu Bi. Mallard, yaani kwa ukoo wa mume, na jina lake mwenyewe, Louise, hatulisikii mpaka amekwisha kujinong'onea chumbani, karibu na dirisha, kwamba yu huru.

Baada ya majina, na hapa ndipo penye kazi nzito, apime nani anajua nini na nani ana mamlaka ya kueleza. Mume anaporejea akiwa hai, Louise anakufa papo hapo, na madaktari wanatamka kuwa ameuawa na furaha. Msomaji aliyekuwa naye dirishani anajua kwamba wamekosea, lakini ndani ya hadithi hakuna aliyebaki wa kuwapinga. Kila kauli ya namna hiyo aipigie mstari, kisha aulize imetoka kinywani mwa nani.

Asimgeuze mume kuwa katili, kwani matini yenyewe inakiri kwamba alimpenda mkewe, na kwa sababu hiyo lawama inamwacha yeye na kuielekea ndoa kama taasisi.