Kutunza Risiti na Hesabu za Duka kwa Simu

Risiti ya mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, huchapishwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia taratibu kwa jua na joto hadi yasisomeke. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, muda ambao karatasi hiyo haiwezi kutegemewa. Kwa sababu hiyo, programu ya kwanza ninayompendekezea mwenye duka ni Google Drive, inayohifadhi mafaili mtandaoni.

Ifungue kwenye simu ya Android, gusa alama ya kamera, kisha piga picha risiti ikiwa imenyooshwa mezani penye mwanga wa kutosha. Rekebisha kingo zake na uihifadhi kama PDF. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14 sukari, kwa kuwa kwa mpangilio huo mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe, na siku utakapohitaji risiti fulani hutalazimika kufungua mamia ya picha zisizo na majina. Fanya kazi hii kila jioni kabla ya kufunga duka, kwani risiti zikishalundikana hakuna anayezirudia. Nafasi ya bure ni GB 15, lakini inatumiwa pia na barua pepe na picha zako, hivyo futa video usizozihitaji.

Kwa mauzo, tumia Google Sheets, programu ya majedwali ya hesabu. Weka safu tano: tarehe, bidhaa, idadi, bei na jumla. Katika kisanduku E2 andika =C2*D2, kisha uivute kanuni hiyo hadi chini. Kabla ya yote, liwekee faili hilo ruhusa ya kutumika bila intaneti, ili bando likiisha mchana uendelee kuandika na mabadiliko yapande mtandaoni baadaye. Madeni ya wateja yapewe ukurasa wao. Ukiyachanganya na mauzo ya taslimu, utadhani una fedha ambazo bado zimo mifukoni mwa watu.

Google Calendar ikukumbushe tarehe zinazojirudia, kama vile tarehe 20, ambayo ni mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa aliyesajiliwa. Angalia saa kwa makini: 14:00 kwenye simu ni saa nane mchana.

Kumbukumbu zote hizi zimo katika akaunti moja, nami nasisitiza kwa dhati kwamba uilinde. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa msimbo wa ziada baada ya nenosiri, kisha nakili misimbo ya akiba unayopewa na Google kwenye karatasi na uiache nyumbani, kwa sababu simu ikiibwa pamoja na laini yake, misimbo hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuingia tena katika akaunti yako.