Somo: Kuwasha Mercer Raceabout kwa hendeli bila kuvunjika mkono

Wakuu, kila wiki naulizwa faraghani hili gari la kale la Kimarekani linawashwaje. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Breki ya mkono, gia huru.

2. Kagua oili, maji, petroli.

3. Magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ikiwa imezimwa, ziba hewa ya kabureta, zungusha hendeli raundi mbili silinda zinyonye petroli.

4. Rudisha leva ya moto (inayowahisha au kuchelewesha cheche) nyuma kabisa ili cheche ichelewe, ndipo uwashe magneto. Hapa ndipo nilipoumia. Aliyelizima jana yake aliiacha leva mbele, nami nilikuwa na haraka, sikuitazama. Cheche ikapiga pistoni ikiwa bado inapanda, moto ukairudisha chini, hendeli ikarudi nayo. Nilisikia "ko!" kwenye kifundo cha mkono kabla sijasikia maumivu. Wiki sita nina plasta. Kwa hiyo: gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, lisikumbatie chuma. Vuta kutoka chini kwenda juu, nusu mzunguko. Usisukume kwenda chini, hata siku moja.

5. Likiwaka, sogeza leva mbele taratibu.

Swali: Mkuu, gumba naliweka wapi?

Jibu: Hatua ya 4. Isome yote kabla hujagusa hendeli.

Swali: Mimi leva ilikuwa katikati na limewaka vizuri tu.

Jibu: Limewaka leo. Langu nalo liliwaka siku nyingi kabla ya ile.

Swali: Kwa nini hili linarudisha hendeli kwa nguvu kuliko Ford T?

Jibu: Swali zuri sana. Ford T ina lita 2.9 kwa silinda nne. Hili lina karibu lita 5 kwa silinda nne hizo hizo, kwa hiyo kila pistoni ina mzigo mkubwa. Finley Robertson Porter alilichora liende mbio: vali za kuingiza upande mmoja, za kutoa upande wa pili, kila upande na kamshafti yake (mhimili unaofungua vali). Lilitengenezwa Trenton, hapa hapa New Jersey, 1911 hadi 1914. Halina milango wala paa, na linapita maili 70 kwa saa. Breki ni za nyuma tu, kwa hiyo anza kusimama mapema.

Mchango: Babu alikuwa utingo wa lori la Bedford. Naye alituambia hivyo hivyo kuhusu gumba.

Jibu: Shikamoo yake. Nyongeza ya siku za baridi: toa plagi, zipashe moto mbali kabisa na petroli, zirudishe zikiwa bado za moto.