Ekzosi ya gari yenye turbo: anzia kwenye turbo, usianzie nyuma

Watu wengi wakishika gari yenye turbo kitu cha kwanza kubadilisha ni sailensa ya nyuma, ile kubwa yenye mdomo unaong'aa, na mimi nilifanya hivohivo. Nikafunga, nikawasha, ikanguruma kama simba mwenye mafua, afu nikaingia barabarani nikitegemea itaruka. Haikuruka. Gari ilikuwa ileile, kelele tu ndo zilikuwa mpya. Baadae sana ndo nikaja kuelewa kwamba nilihangaika na mkia wakati koo limezibwa, na mpaka leo mtu akiniuliza anunue sailensa gani huwa namrudishia swali, daunpaipu yako, lile bomba la kwanza linalotoka kwenye turbo, ikoje?

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umetokana na magari yasiyo na turbo. Kwenye injini ya kawaida urefu wa paipu na jinsi zinavyoungana vinasaidia kuvuta moshi utoke kwenye silinda, ndo maana ukiweka bomba pana kupita kiasi gari inakuwa nzito ikiwa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini, na hapo ndo ulipozaliwa ule msemo kwamba injini "inahitaji presha ya nyuma". Kwenye turbo huo msemo sahau. Turbo ni pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, na inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda, na kinachoupa nguvu ya kuizungusha ni tofauti ya presha kati ya upande moshi unapoingilia na upande unapotokea. Ukipunguza presha huko unapotokea tofauti inakua, turbo inaamka mapema na injini inapumua. Kwa hiyo kuanzia turbo kwenda nyuma, njia ikiwa wazi ndo nzuri, na sababu za kutoiacha wazi kabisa ni zingine: kelele, sheria, nafasi chini ya gari, na busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini, kukushinda kuidhibiti, ambayo ntaiongelea kwa kirefu maana hiyo ndo inaua injini.

Sasa daunpaipu. Hili ndo bomba linalofungwa moja kwa moja kwenye turbo, na la kiwandani mara nyingi ni jembamba, lina kona kali na ndani yake limebeba katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, wengine tunaita masega. Hapo ndo penye kizuizi kikubwa kuliko sehemu yote ya ekzosi kwa hiyo hela yako ya kwanza iende hapo. Saizi zinazozungumzwa sana ni inchi 2.5 na inchi 3. Unaweza kuona nusu inchi ni kitu gani, ila ukipiga hesabu ya eneo la mduara, kutoka 2.5 kwenda 3 unaongeza asilimia 44, si mchezo. Kwa injini ya lita 2 yenye turbo yake ya kiwandani inchi 3 inatosha na inabaki, na kwa zile ndogo za lita 1.4 hivi 2.5 ni poa kabisa, usiende kwenye 3 kwa sababu tu rafiki yako kaweka. Na cha kuangalia ni sehemu nyembamba kuliko zote, sio sehemu pana. Ukiwa na daunpaipu ya inchi 3 afu inaingia kwenye bomba la kati la inchi 2 umejenga faneli.

Umbo la pale juu linapokutana na turbo nalo lina maneno. Kuna la mdomo mpana, yaani moshi wa turbini (gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi) na moshi wa westigeti (kidirisha cha pembeni cha turbo) vyote vinaingia kwenye uwazi mmoja, na kuna lililogawanywa, westigeti ina njia yake ndogo inayokuja kuungana huko mbele kidogo. Lililogawanywa likitengenezwa vizuri ni zuri kwa sababu moshi wa pembeni hauji kuvuruga ule unaotoka kwenye turbini ukizunguka, ila likitengenezwa vibaya ule ukuta wa katikati unazuia mlango wa westigeti usifunguke wote, na hapo umenunua tatizo. Kabla ya kufunga, sogeza mkono wa westigeti uone mlango unafunguka mpaka mwisho bila kugonga kitu. Hiyo ni kazi ya dakika moja na watu hawaifanyi.

Sasa kuhusu busti. Westigeti ni kidirisha kinachofunguka ili sehemu ya moshi ipite pembeni bila kugusa turbini, busti isizidi pale ilipopangwa. Ukiifungulia ekzosi njia, moshi unapita kwa wingi kwenye turbini, na kama kidirisha ni kidogo kinakuwa kimefunguka chote na bado hakitoshi, busti inaendelea kupanda kadri rpm zinavyopanda. Wenyewe wanaita busti krip, yaani inatambaa. Ukitaka kuijua weka geji ya busti, tafuta sehemu salama, kanyaga mpaka mwisho ukiwa gia ya tatu au ya nne, kama sindano inafika ilipopangwa afu inaendelea kupanda taratibu badala ya kutulia, hiyo ndo yenyewe, achia mguu hapohapo. Hali ya hewa ikiwa ya baridi inazidi kwa sababu hewa ni nzito. Subaru zenye injini za EJ zina sifa hii hasa ukitoa katalisti zote, na dawa yake ni kupanua tundu la westigeti, au kuweka westigeti ya nje, au, na hili watu hawapendi kulisikia, kuacha katalisti moja ndani ili ibaki na kizuizi kidogo. Kwa hiyo geji inunuliwe kabla ya bomba. Najua haipendezi kama bomba, lakini bila geji huoni kitu, unaskia tu gari "imekuwa na nguvu" kumbe inajiua.

Hapo hapo tuseme kuhusu kutyuni, yaani kupanga upya kompyuta ya injini. Magari mengi ya sikuizi kompyuta inalenga kiasi fulani cha nguvu au hewa, ukifungua ekzosi inafikia lengo lake kirahisi zaidi na inaishia hapo, so faida kubwa unayoipata bila kutyuni ni turbo kuwahi kuamka. Zingine busti ikizidi kidogo zinakata mafuta, gari inashtuka kama imegonga ukuta. Ukishabadilisha daunpaipu panga na kutyuni kabisa, viende pamoja, na anayekutyunia mwambie ukweli umefunga nini.

Kuhusu katalisti yenyewe. Ya kiwandani ina matundu mengi madogo, kawaida seli 400 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, na zile za michezo ni za chuma zenye seli 200 au 300, moshi unapita kirahisi sana na tofauti ya nguvu kati yake na bomba tupu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoa kabisa nchi nyingi ni kosa kwa gari ya barabarani, taa ya cheki injini itawaka na msimbo wa hitilafu P0420, na harufu, jamani, harufu ya mafuta mabichi itakufuata mpaka kwenye nguo. Mimi nashauri ya seli 200 yenye ubora. Za bei ya kutupa ni za kuogopa, masega yanang'oka kutoka kwenye ganda lake, yanapasukapasuka na vipande vinaenda kuziba sailensa, afu unakaa unatafuta gari imepotezea wapi nguvu. Na hata nzuri itayeyuka ukiwa na misfaya, yaani silinda inashindwa kuwasha mafuta yake, maana mafuta yasiyoungua kwenye silinda yanaenda kuunguzwa humo ndani. Rekebisha plagi na koili kwanza. Kwa wenye dizeli, na petroli mpya za Ulaya zenye chujio la masizi, lile chujio linasimamiwa na sensa za presha na kompyuta, so usikubali fundi akwambie anakata tu afu anachomelea bomba.

Manifoldi, ile inayokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye turbo, mimi naiweka mwisho kabisa. Zile za kiwandani za chuma cha kumimina ni mbaya kwa macho lakini zinabeba uzito wa turbo na joto la nyuzi mia tisa hivi bila kulalamika. Za paipu zinapendeza, zinapitisha vizuri, ila za bei rahisi zinapasuka kwenye viungo kwa sababu chuma ni chembamba na turbo nzima inaning'inia pale. Ukiamua kununua, uliza unene wa chuma, na kwa manifoldi stenlesi ya 321 inavumilia joto kuliko 304. Kama turbo yako ni twini skroli, yaani ina midomo miwili ya kuingizia moshi, manifoldi lazima itenganishe silinda kwa jozi zake mpaka kwenye turbo, vinginevyo umetupa faida yote uliyolipia. Na wenye Subaru wajue ule mlio wa kububujika unatokana na paipu zenye urefu usiolingana, ukifunga zinazolingana mlio unaondoka. Kuna watu wamefunga wakarudi kufungua.

Tukija kwenye kukagua bomba lenyewe, chukua sumaku na tochi. Sumaku ikinata kwa nguvu hiyo sio 304, inaweza kuwa 409 (stenlesi ya bei nafuu zaidi) au chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. 409 sio mbaya, viwanda vingi vinaitumia, itapata kutu ya juujuu ila inadumu, shida ni kuuziwa 409 kwa bei ya 304. Ila usianze ugomvi kama sumaku inavutwa kidogo kwenye kona tu, 304 ikikunjwa inapata usumaku kidogo. Titani ni nyepesi, inakaribia nusu ya uzito wa stenlesi, na bei yake unaijua mwenyewe. Kona nazo ziangalie, zilizokunjwa kwa mandreli (chuma kinachoingizwa ndani ya bomba wakati wa kukunja) zinabaki mviringo uleule mpaka ndani, zilizokunjwa kwa kuminywa zinakuwa na mikunjo na upana unapungua palepale ulipolipia upana. Fundi mmoja alinichongea bomba la inchi 3 ambalo kwenye kona mbili lilikuwa limebonyea vibaya, nikapokea kwa sababu sikuinama kuangalia. Mulika tochi kwa ndani, ukiona madonge ya welding yamening'inia kwenye njia, au gasketi ina tundu dogo kuliko bomba, rudisha. Flenji nyembamba zinapinda kwa joto na kuanza kuvuja. Fleksi, kile kipande cha bomba kinachonyumbulika, iwe na utando wa chuma kwa ndani, sio ule wavu wa nje peke yake, na usinunue bomba lisilo na fleksi kabisa maana injini inatikisika na kitu lazima kikubali kucheza, kisipokuwa fleksi itakuwa welding.

Sailensa sasa, ambayo ndo ulikujia. Turbo yenyewe inameza kelele nyingi, so gari ya turbo inavumilia sailensa ya moja kwa moja, ile yenye bomba la matundu katikati lililozungukwa na pamba ya kioo, bila kuwa kero. Adui yako ni ule muungurumo wa ndani ya gari ukiwa safarini. Injini ya silinda nne ikiwa rpm 3000 inawaka mara 100 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo ndo inatetemesha bodi na kukuumiza kichwa safari nzima. Rezoneta ya katikati, ile sailensa ndogo ya kupunguza muungurumo, inasaidia sana, usiitoe kwa ajili ya kupata sauti ya video ya sekunde 20. Kama unaweza, panda gari ya mtu yenye ekzosi hiyohiyo, ukae siti ya nyuma.

Kufunga sio kazi ngumu ila ina masharti. Gari iwe imepoa kabisa, ikae kwenye stendi na sio jeki, nati za turbo zipulizie dawa ya kutu jana yake maana stadi (bolti isiyo na kichwa) ikikatikia kwenye turbo siku imeharibika. Weka gasketi mpya. Usipake silikoni ya kawaida karibu na sensa ya oksijeni, mvuke wake unaiua. Funga kila kitu kikiwa legevu kuanzia kwenye turbo kwenda nyuma, angalia bomba halijagusa bodi, shafti wala paipu za mafuta, rudisha kava zote za joto, ndo ukaze. Ukiwasha itatoa moshi dakika chache, ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Washia nje. Ziba mdomo wa nyuma kwa tambara kidogo ukiskiliza, ukiskia tsss tsss pana mvujo. Mvujo ukiwa karibu na sensa ya kwanza ya oksijeni, hewa inaweza kunyonywa pale, kompyuta inadhani mafuta ni machache inaongeza. Mvujo ukiwa chini ya kebini ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, huo hauvumiliwi hata siku moja. Endesha siku mbili tatu bomba lipate moto na kupoa mara kadhaa, afu rudi chini ukaze tena bolti zote, hasa zile za turbo.