Kumtambua pange: anza na mabawa, malizia kwenye paji

Kwanza hakikisha si mbung'o. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine, na mdomo wake huelekea mbele.

Ukimnasa pange zizini Kigamboni au Pugu, piga picha ya macho angali hai. Mistari na rangi zake hufifia akishakufa, na spiriti huharibu zaidi.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10 utofautishe jenasi tatu za pange (makundi ya spishi zinazokaribiana): Haematopota, Chrysops na Tabanus. Mabawa ya kijivu yenye madoadoa, yaliyoinama kama paa juu ya mgongo, ni ya Haematopota. Mkanda mweusi unaokatisha bawa, antena ndefu nyembamba na vijiiba viwili mwishoni mwa muundi wa mguu wa nyuma: huyo ni Chrysops. Tabanus hana vijiiba hivyo. Mara nyingi mabawa yake ni maangavu, na pingili ya tatu ya antena ina kijino.

Jenasi ni rahisi, spishi ndiyo kazi. Kwa jike, pima paji lililo kati ya macho: gawanya urefu wake kwa upana wa sehemu yake ya chini, kisha chora umbo la kivimbe kinachong'aa hapo. Macho yakigusana ni dume, na kipimo hicho hakifai. Dume hafyonzi damu, hivyo ng'ombe hawatakupatia.

Usirundike wadudu kwenye chupa moja. Vinyweleo vya tumbo vikisuguliwa, mistari inayotofautisha spishi hutoweka. Na kwa unyevu wa Dar, mdudu asipokaushwa mapema huota ukungu.