Kabla hujagusa kompyuta ya ofisi ya parokia

Sisi tunaojuajua mambo ya kompyuta tunaitwa sana makanisani, mara printa imegoma, mara mashine ya karani imejaa virusi, mara Baba Paroko anataka orodha ya waamini wote iingie kwenye Excel kabla ya sikukuu ya mavuno, na tunaenda kwa moyo mweupe maana kanisa ni letu. Ni jambo jema sana na nawaomba tusiache. Ila kuna vitu vya kuviweka sawa kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ile mashine imebeba habari za watu ambao wiki hiyohiyo mnakaa nao kwenye jumuiya.

Fikiria tu kuna nini mle ndani. Faili la zaka lina jina, namba ya kadi na miezi kumi na miwili, na kwenye ile miezi unaona nani ametoa na nani hajatoa tangu Machi, na pengine we unajua kabisa kwamba huyo wa Machi alipunguzwa kazini. Rejesta ya ubatizo ndo nzito zaidi. Pale kuna mtoto ambaye mstari wa baba uko wazi, kuna aliyeasiliwa na yeye mwenyewe labda hajaambiwa, na pembeni zinaongezwa kumbukumbu za kipaimara na ndoa, yaani maisha ya mtu mzima yako kwenye ukurasa mmoja. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 535, inamwagiza paroko aangalie vitabu hivyo visifike mikononi mwa watu wasiohusika, sasa ukiskani rejesta ukaiacha kwenye flashi yako umeshaifikisha huko hata kama nia yako ilikuwa safi.

Na sheria ya nchi nayo ipo. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imani ya dini ya mtu inahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Kenya wana ya kwao ya 2019. Kujitolea bure hakukutoi kwenye sheria.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, jua nani amekuita. Katekista akikupigia simu akasema njoo urekebishe, mshukuru, halafu muulize kwa heshima kama Baba Paroko anajua, kwa wenzetu Walutheri wa KKKT ni Mchungaji. Akisema atamwambia baadaye, subiri hiyo baadaye. Mkubaliane kazi ni ipi hasa, kama umeitwa kwa printa basi ni printa, hupiti kwenye mafolda kuangalia kama kuna kingine kimeharibika. Pia ulizia siku, usiende Jumapili baada ya misa watu wamejaa mlangoni wanataka cheti cha ubatizo cha mtoto na risiti ya zaka, karani atachanganyikiwa na watu watasoma kioo ukiwa umekifungua.

Halafu muombe karani awepo, umwachie yeye aandike pasiwedi na wewe ugeuke pembeni. Msalimie vizuri, shikamoo mama, Tumsifu Yesu Kristo, usikalie kiti chake mpaka akukaribishe, na tafadhali usimuulize nani alikufundisha kupanga mafaili hivi. Yule mama ana faili linaitwa ZAKA MPYA MPYA 2 na anajua liko wapi na linafanya nini, ukilibadilisha jina ili lipendeze, Jumamosi analitafuta halioni na anaogopa kukupigia. Akiingia mtu analia au anataka kuongea na Padre, simama toka nje bila kuambiwa, kazi itaendelea baadaye.

Kwenye ufundi wenyewe, nenda na flashi tupu uliyoifomati, siyo ile yenye muvi na mafaili ya wateja wa stesheneri. Printa ijaribu kwa ukurasa wa majaribio au andika neno lolote mwenyewe, usifungue barua iliyopo eti uone kama inatoka, maana inaweza kuwa barua ya mtu anayeomba ndoa yake ichunguzwe na karatasi ikabaki kwenye trei. Kabla ya kufomati mashine pigeni bakapu kwenye diski ya kanisa, wao wainunue wao waitunze, wewe usibaki na kopi hata kama wanakuambia kaa nayo tu kijana wetu. Ukitaka kumuuliza fundi mwenzako kwenye grupu la WhatsApp usipige picha ya kioo kizima, andika maneno ya ile eraa, yaani ujumbe wa kosa, basi. AnyDesk, ile programu ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, ukiiweka, iondoe ukimaliza na waambie umeiondoa.

Kama laptopu ya ofisi ndo inatumika kwenye projekta ya nyimbo, hapo nakaza kabisa. WhatsApp ya ofisi ikiwa wazi, ujumbe wa mgonjwa anayeomba sala unatokea kwenye pembe ya kioo mbele ya kanisa zima kwaya ikiwa inaimba. Zima arifa zote zinazochomoza kwenye kioo mapema, funga WhatsApp, au bora zaidi tumia mashine nyingine isiyo na kitu.

Kuna jambo moja watu hawaliongei mapema na ni lazima mliongee. Ukikutana na kitu kinachotisha, mfano hesabu za sadaka haziendani, utamwambia nani? Mkubaliane kabla kwamba ni paroko mwenyewe, na kama jambo linamgusa yeye, mwenyekiti wa kamati ya fedha au ofisi ya jimbo. Kwenye jumuiya usilitaje, wala nyumbani kwa mkeo au mumeo, kwa sababu wewe umeona namba mbili tatu tu na hujui upande wa pili, na jina la mtu likishatembea mtaani hakuna bakapu ya kulirudisha. Ila kama ulichoona kinaonyesha mtoto anaumizwa, hilo siyo la kusubiri makubaliano, linaenda polisi au ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi ulichofanya, ulichoweka na ulichotoa, tarehe na sahihi, mpe karani. Wabadilishe pasiwedi wakati bado uko hapo ili kama kuna shida uwasaidie, wewe ukiwa mlangoni.