Kulihamishia Bao la Utotoni kwenye ZX Spectrum

Tulipokuwa watoto Ujiji, bao letu lilikuwa mashimo 32 tuliyoyachimba wenyewe chini ya mwembe, na kete zetu zilikuwa mise, yaani kokwa ngumu za mchikichi, kwa kuwa komwe hazikupatikana kirahisi kwetu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulihamishia bao hilo kwenye ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Nimeichagua kwa sababu lugha ya BASIC imo ndani yake tayari, na mtu huanza kuandika programu mara tu mashine inapopata umeme.

Adapta yake hutoa volti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ndogo ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi. Usichomeke adapta nyingine kabla ya kulihakikisha hilo. Picha hupatikana kwenye televisheni ya chogo iliyotafutiwa chaneli ya 36 ya UHF. Asiye na mashine yenyewe anaweza kutumia programu ya Fuse, inayoigiza Spectrum kwenye kompyuta ya kisasa, na maelezo yote yanayofuata yatamfaa vilevile.

Anza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2, jumla 64, kwa maana namua (awamu ya kuingiza kete mpya ubaoni) na sheria za nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) zitakuchanganya kabla hujaona kete hata moja ikitembea.

10 DIM b(33)
20 FOR n=1 TO 32: LET b(n)=2: NEXT n

Shimo la 1 hadi la 8 ni safu ya mbele ya mchezaji wa kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, na la 9 hadi la 16 ni safu yake ya nyuma, likirudi kutoka kulia kwenda kushoto. Mchezaji wa pili apewe namba kwa mpango huohuo wa kushoto na kulia, kuanzia 17. Ukipanga hivi, shimo linalotazamana na shimo lolote la mbele hupatikana kwa kuongeza au kupunguza 16, na hesabu nyingi ambazo zingekuumiza kichwa baadaye zinatoweka. Nafasi ya 33 iache kwanza, nitaieleza mwishoni.

Sehemu inayostahili muda wako kuliko zote ni ya kusambaza kete. Kompyuta inaweza kusambaza na kuonyesha matokeo papo hapo, lakini hilo si bao, kwa sababu mtoto hulijua bao kwa kuufuata mkono shimo hadi shimo na kusikia kete ikidondoka. Kwa hiyo kila kete ionekane na isikike:

500 LET p=p+d
510 IF p>16 THEN LET p=1
520 IF p<1 THEN LET p=16
530 LET b(p+s)=b(p+s)+1
540 LET k=k-1
550 GO SUB 800
560 BEEP 0.05,p: PAUSE 10
570 IF k>0 THEN GO TO 500
580 RETURN

Hapa k ni kete zilizo mkononi, d ni mwelekeo, 1 au -1, na s ni 0 kwa mchezaji wa kwanza au 16 kwa wa pili. PAUSE 10 husubiri sehemu ya tano ya sekunde, mwendo ambao mimi nauona uko karibu sana na wa mkono. Mstari wa 800 ndio mwanzo wa sehemu utakayoiandika ya kuchora shimo. Shimo likipewa upana wa herufi 3, safu nzima huchukua nafasi 24 kati ya 32 za skrini.

Kete ya mwisho ikiangukia shimo lililokuwa tupu, mchezaji amelala na zamu inahama. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na b(p+16-s) ni kubwa kuliko 0, mchezaji anakula: chukua kete hizo, weka p iwe 0 ukienda kulia au 9 ukienda kushoto, kisha rudi kwenye mstari wa 500, nazo zitaanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, kama inavyotakiwa. Ikiwa msambazo wa kwanza haukula, mchezaji anatakata tu, wala hali hadi zamu yake iishe, kwa hiyo tenga kigezo kimoja cha kulikumbuka hilo. Shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanzia. Unapojaribu, jumlisha mashimo yote kila baada ya zamu. Jumla isipokuwa 64, kosa limo karibu kila mara pale ulipochukua kete bila kulifanya shimo kuwa 0.

Umeme ukikatika, kila kitu hupotea. Hifadhi programu kwenye kaseti kwa SAVE "bao", uihakikishe kwa VERIFY "bao", na mchezo ambao haujaisha uuhifadhi kwa SAVE "hali" DATA b(). Ndiyo maana ya nafasi ya 33: humo iandike zamu ni ya nani. Utakapoirudisha hali hiyo kwa LOAD "hali" DATA b(), endelea kwa GO TO kwenye mstari unaoanzisha zamu, kwa kuwa RUN itafuta kete zote ubaoni.